Vyungu Kumi na Viwili vya Mgombea

Nilikwenda Texas kulea wajukuu. Binti yangu alikuwa muuguzi, mume wake alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, zamu zao ziligongana, na pale Grand Prairie hapakuwa na jirani wa kumwachia mtoto kama tulivyozoea kwetu Upare. Nilikwenda kwa miezi sita. Kwa neema ya Mungu ile miezi sita ikawa miaka kumi na moja.

Watoto walipoanza shule nyumba ilikuwa kimya mno. Asubuhi nilisali, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, kisha nikakaa dirishani kungoja basi la shule lirudi. Binti yangu aliliona jambo hilo. Siku moja akaja na karatasi kutoka kituo cha wazee cha mtaa wetu, imeandikwa kwamba kila Jumanne kuna darasa la ufinyanzi.

"Mama, si ulisema bibi alikuwa mfinyanzi?"

Nikamwambia bibi yake alikuwa mfinyanzi kweli, nami nilifinyanga naye mpaka nilipokwenda chuo cha Biblia, lakini hayo yamepita zaidi ya miaka arobaini.

"Basi nenda ukakumbuke," akasema, akachukua funguo za gari.

Mwalimu wa darasa alikuwa mama wa rika langu, mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja hadi kiunoni. Nilidhani ni Mmeksiko. Akaniambia kwa upole kwamba yeye ni Mcherokee, wa mojawapo ya makabila yaliyokuwapo katika nchi ile kabla ya wengine wote kufika. Alizaliwa kwenye vilima vya Oklahoma. Wazazi wake walihamia Dallas wakati serikali ilipokuwa ikiwashawishi watu wao waende kuishi mijini. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha ndege mpaka akastaafu, ndipo akaugeukia udongo.

Siku ile ya kwanza kila mtu alipewa donge la udongo. Wenzangu walilitazama kama wametupiwa chura. Mimi mikono yangu haikuningoja. Niliukanda, nikautoa vijiwe, nikaubonyeza katikati kwa ngumi na kuanza kuuvuta juu, na macho yakanijaa machozi bila sababu niliyoweza kuieleza mbele ya watu. Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Na yeye?"

"Mama yake."

Akavuta kiti akaketi karibu yangu, akasema kwao uzi huo ulikatika. Yeye alijifunza ukubwani, kwa mwanamke mmoja wa kabila lake, na kwa kuvitazama vigae vya watu wa kale vilivyofungiwa ndani ya kabati za kioo. "Wewe ulipewa mkononi," akasema. Hakusema kwa wivu. Alisema kama mtu anayempongeza mwenzake kwa kupata mtoto.

Tangu hapo tuliitana dada. Hakutumia gurudumu, na mimi sikulijua. Yeye alisokota udongo kuwa kamba, akazipanga kamba juu ya kamba, kisha akaupiga ukuta wa chungu kwa kibao cha mti kilichochongwa mistari ya mawimbi, mistari ikabaki kwenye udongo. Sisi kwetu tuliuvuta kutoka kwenye donge na kuulainisha kwa gunzi la mahindi. Lakini wote tulisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka chungu kikang'aa, wote tulichoma nje kwa kuni, na wote tulivitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika tukavichanganya na udongo mpya ili usipasuke motoni. Tulipogundua hilo la vigae tulicheka mpaka wanafunzi wengine wakageuka kututazama.

Kulikuwa na mambo ambayo hatukukubaliana. Kabla ya kuchimba udongo alisali kwa lugha yake, akaacha tumbaku kidogo pale alipotaka kuchimba. Mimi nilikuwa mwalimu wa kipaimara maisha yangu yote, nikaona nimuulize.

"Hiyo tumbaku ni ya nani, dada?"

"Ni asante tu. Kwenu mkichimba hamfanyi kitu?"

Nikakumbuka kwamba mama yangu, siku ya kuchimba, hakumsalimia mtu yeyote njiani, na mwanamume akionekana karibu na shimo la udongo alifukuzwa kwa maneno ambayo sitayaandika. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa. Basi sikumuuliza tena. Jumapili moja dada yangu huyo alinipeleka kanisani kwao, kanisa dogo la Kibaptisti, na nikawasikia wazee wakiimba kwa Kicherokee tuni nilizozijua tangu utotoni. Niliimba nao kwa Kipare. Hakuna aliyelalamika.

Jambo moja la mama yangu nilimweleza mapema, naye alilipenda. Kwetu, katika vyungu vinavyotoka motoni, cha kwanza hakiuzwi. Hupewa mtu mzima, kwa mikono miwili, na aliyepewa harudishi. Kufanya hivyo kulimaanisha kwamba moto ule ulikuwa na baraka.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na saba, Jumanne kama nyingine, tunasugua vyungu, aliponiambia anagombea.

"Unagombea nini?"

"Baraza la kabila. Kuna kiti cha sisi tunaoishi nje ya nchi yetu ya kule."

Akanieleza. Baraza lilikuwa Oklahoma, ofisi zote zilikuwa Oklahoma, na wazee waliotawanyika Dallas na Houston, wakitaka kadi zao za kabila au karatasi za matibabu, walipaswa kusafiri siku nzima. Wengine walikuwa hawaendeshi tena gari. Yeye alitaka karani aletwe Texas walau mara mbili kwa mwaka, akae mezani, wazee waje na karatasi zao. Ndilo jambo alilolitaka. Alikuwa amewaandikia barua miaka mingi, akajibiwa kwa heshima, na karani hakuja.

"Sasa nimechoka kuandika barua," akasema. "Nataka niwe ninayezisoma."

Mimi kampeni nilizozijua ni za kwetu: malori yenye vipaza sauti, fulana, kofia, vitenge vya bure, na pilau kwenye masufuria makubwa. Nikamuuliza atapika nini. Akasema atachemsha kahawa. Nikamhurumia sana, nikamwombea kwa jina lake kila asubuhi.

Mkutano wake wa Houston uliwekwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa moja. Aliniomba nimsindikize kwa sababu kijana wangu aliishi Katy, upande wa magharibi wa Houston, na tungepata pa kulala. Nyuma ya gari aliweka meza ya kukunja, birika la kahawa, na sanduku la vyungu vidogo kumi na viwili vya kupeleka kwa mwenye duka mmoja siku ya Jumatatu. Vilikuwa vya moto wa wiki ile. Kila kimoja kilienea kwenye viganja viwili.

Nilikuwa na rafiki Gulfton, mtaa mmoja wa Houston, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, tuliyefahamiana kwenye semina ya akina mama wa makanisa. Aliposikia habari ya mkutano akaja na sinia la sambusa bila kuulizwa. Wazee wa Kicherokee walikuja mmoja mmoja, wengine na fimbo, wakaandika majina na anwani kwenye daftari la wageni, wakanywa kahawa, wakala sambusa kwa mashaka kidogo na halafu bila mashaka. Dada yangu alizungumza kwa dakika kumi na tano tu. Hakuahidi kitu kingine zaidi ya karani na meza. Walimsikiliza vizuri.

Mwishoni mzee mmoja alimvuta pembeni, nje, kumweleza mambo ya ardhi ya baba yake. Mazungumzo yakawa marefu. Wengine wakaanza kuondoka, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiwaona wanapita mikono mitupu. Watu wazima, wametoka mbali, wanaondoka hivi hivi. Nilihisi aibu kana kwamba ni nyumba yangu. Nikasema moyoni, dada yangu huyu ana haya, hajui kujitangaza. Sanduku lilikuwa chini ya meza. Desturi ilisema cha kwanza tu, lakini nani angejua kipi kilitangulia kutoka motoni? Nikalifungua.

Niliwapa kwa mikono miwili, nikiinama kidogo, na kila mmoja nilimwambia, "Mama amekutunza hiki. Anashukuru umekuja." Hakuwa amesema hivyo. Niliyasema maneno hayo mara kumi na mbili, na nilifurahi kila mara. Rafiki yangu wa Gulfton alisimama kando akisema, "Ni muzuri, Mama, ni muzuri sana."

Dada yangu aliporudi ukumbi ulikuwa umebaki na sisi watatu. Alikunja meza, akainama kuchukua sanduku, na akaliinua kwa urahisi mno.

"Vyungu viko wapi?"

Nikamwambia kwa furaha. Akakaa juu ya meza ile iliyokunjwa. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa namna ile, kama mzigo uliokatika kamba.

"Umewapa wapiga kura vyungu vyangu," akasema polepole.

"Ni vya moto mpya, dada. Si nilikueleza? Kwetu—"

"Kwenu ndiyo. Sheria ya uchaguzi wetu inasema mgombea asimpe mpiga kura kitu chenye thamani. Hata kalamu nzuri. Watanifuta jina."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Rafiki yangu wa Gulfton alianza kukusanya sambusa zilizobaki kwa haraka, kama vile nazo zingeshtakiwa.

Usiku ule sikulala, lakini hiyo si habari. Habari ni kwamba kabla hatujatoka ukumbini dada yangu alikwisha kuipigia simu kamati ya uchaguzi ya kabila lake, akawaeleza mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Hapana, hakuna aliyelalamika bado. Mimi ndiye ninayelalamika." Walimjibu kwamba vikusanywe vyote kabla ya Ijumaa, na Ijumaa tufike mbele yao, yeye na aliyetoa. Wangeamua hapo kama jina lake libaki.

Kule Katy kijana wangu alisikiliza mkasa wote akiwa amesimama na sahani mkononi.

"Mama," akasema, "hii si takrima ya uchaguzi wa Bongo. Hapa si Same."

"Nimeshajua hapa si Same."

"Ungeniuliza."

"Ungekuwa kazini."

Dada yangu akacheka, mara ya kwanza tangu mchana. Kijana wangu akamwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Yeye akamjibu kwamba kama ukoo mzima unapika wali namna ile, amesamehe nusu. Nusu nyingine tungeitafuta barabarani.

Tulianza baada ya ibada ya Jumapili, na daftari la wageni. Yeye aliendesha, na kwenye kila nyumba alibaki ndani ya gari. "Wewe uliwapa, wewe utawaomba," alisema. Lilikuwa jambo la haki. Lakini nataka msomaji wangu aelewe uzito wake. Mimi, mjane wa mwinjilisti, mwalimu wa watoto wa kipaimara, nilipaswa kugonga mlango wa mtu niliyempa zawadi na kumwambia nirudishie. Kwetu mtu wa namna hiyo anasemwa mpaka kwenye matanga yake.

Watu wale walinitendea vyema kuliko nilivyostahili. Mama wa kwanza alikiosha chungu kabla ya kunirudishia, ingawa hakuwa amekitumia. Wa pili alikijaza kokwa za kutafuna za mti wa uani kwake, nikamwambia hapana, sasa wewe ndiye unayeniingiza mashakani mimi, akazimimina kwenye mfuko wa plastiki akasema hizo ni za Mwafrika, si za mgombea. Mzee mmoja alikuwa amekiangusha. Alinikabidhi vipande ndani ya gazeti huku akiomba msamaha. Nilipovipeleka garini dada yangu alivipokea bila huzuni. "Nitavitwanga," akasema, akaweka alama kwenye daftari.

Jioni ya Jumatatu, tukiwa kwenye foleni ya magari kurudi Katy, nilimwambia kinachonisumbua zaidi si kutoa. Ni kwamba nilisema "Mama amekutunza hiki", na hakunituma.

"Nilisema uongo, dada. Nimewafundisha watoto amri ya nane miaka thelathini, nami nikaivunja mara kumi na mbili kwa nusu saa."

"Ya tisa," akasema.

"Ya nane. Usimshuhudie jirani yako uongo."

"Hiyo ni ya tisa."

Kumbe Wabaptisti wanazihesabu kwa namna yao na Walutheri kwa yetu. Tulibishana mpaka tukafika mlangoni kwa kijana wangu, kila mmoja akihesabu kwa vidole, na dada yangu akilazimika kushika usukani kwa mkono mmoja. Ubishi ule ulinipumzisha.

Kufikia Jumatano tulikuwa na kumi na kimoja, pamoja na kile cha vipande. Cha kumi na mbili kilikuwa Gulfton. Rafiki yangu wa Kikongo alipoiona anwani akashika kiuno.

"Huyu muzee niko namujua. Anaishi jengo yetu, étage ya tatu. Ni muntu muzuri, lakini kichwa yake nguvu. Hata concierge, mulinzi wa jengo, anamuogopa."

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu na mwembamba, alikuwa amefanya kazi ya reli, na alikaa peke yake kati ya familia zilizotoka nchi nyingi za dunia. Chungu kilikuwa juu ya televisheni. Ndani yake alikuwa ameweka vidonge vyake vya presha. Nilimweleza nilichokuja kukifuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Wewe ni kampeni yake au polisi wake?"

"Mimi ni rafiki yake. Nimemkosea."

"Nilipewa kile. Kwetu kitu ukipewa hukirudishi."

"Hata kwetu, baba."

"Basi tumeelewana. Unataka kahawa?"

Nikamwambia asipokirudisha watamfuta mgombea jina. Akakuna kidevu.

"Mwambie nitampigia kura yule mwingine. Hapo si hongo tena."

Nilicheka bila kutaka. Kisha nikashuka ngazi kumwita dada yangu, maana niliona mzee huyu amezidi uwezo wangu. Alipanda ghorofa tatu na goti lake bovu, akipumzika kila kituo. Waliongea Kicherokee, yeye kwa shida kidogo, mzee kwa ufasaha. Sikuelewa neno. Nilimwona mzee akikichukua chungu, akiondoa vidonge kimoja kimoja na kuvipanga mezani, akipitisha kidole gumba kwenye ile mistari ya mawimbi. Baadaye dada yangu alinitafsiria. Bibi wa mzee yule alikuwa na chungu chenye mistari kama ile. Mzee alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, na aliporudi bibi alikuwa amekufa na vitu vya nyumbani vimekwenda. Hakuwa amegusa kingine mpaka Jumamosi ile, nilipomwekea mikononi.

Halafu mzee akasema kwa Kiingereza, ili nami nisikie, "Nitaiandikia kamati. Nitasema sipigi kura mwaka huu. Waniachie chungu changu, na wakuachie jina lako. Kura yangu moja itakusaidia nini?"

Dada yangu alikirudisha chungu juu ya televisheni, mahali pake.

"Hapana," akasema. "Nimezunguka Texas nzima kuomba wazee wa mjini wasikike. Siwezi kuanza kwa kukunyamazisha wewe."

"Basi watakufuta."

"Wakifuta wamefuta. Weka vidonge vyako."

Ndani ya gari nilimwambia nirudi juu nikakililie kile chungu, nipige magoti, mzee angekitoa. Nilijua angekitoa. Aliwasha gari.

"Dada, umemwona mkono wake?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeuona.

"Basi usiniombe hilo."

Ijumaa tulikuwa Oklahoma. Tuliondoka Grand Prairie alfajiri, sanduku likiwa kiti cha nyuma limefungwa mkanda kama mtoto. Kamati ilikuwa ya watu watatu, mwanaume mmoja mwenye miwani katikati na wanawake wawili, kwenye chumba cha kawaida chenye meza ndefu na mtungi wa maji. Dada yangu aliweka vyungu mezani kimoja kimoja, na gazeti la vipande mwishoni. Akasema, "Kumi na kimoja hivi hapa. Cha kumi na mbili najua kilipo, na sitakichukua." Akaeleza kwa nini, kwa maneno machache. Hakutaja kwamba mzee alijitolea kura yake. Nililitaja mimi, nilipoulizwa.

Mwenye miwani aliniuliza kama nililipwa na mgombea. Nikasema hapana. Kama mgombea alinituma. Hapana. Kama mimi ni mtu wa kabila lao. Mwanamke mmoja akainamisha uso kuficha kicheko, na mwenye miwani akasema ni lazima aulize.

"Sasa ulipowapa, uliwaambia nini?"

Hapo ndipo nilipopaogopa wiki nzima. Ningeweza kusema niliwapa tu. Kiingereza changu kilikuwa kibovu vya kutosha kunificha. Nilisimama, kwa sababu kwetu mtu haungami akiwa amekaa.

"Niliwaambia yeye amewapa. Hakuwapa. Hakujua. Nilisema uongo, na niliusema vizuri, wakaniamini. Kosa ni langu lote."

Yule mwanamke aliyeficha kicheko akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikamweleza habari ya chungu cha kwanza kutoka motoni, na ya mtu mzima kuondoka mikono mitupu. Alisikiliza akiwa ameshika mojawapo ya vile vyungu. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri.

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la barazani. Dada yangu alifumba macho, sijui kama alisali au alisinzia. Mimi nilisali. Sikumwomba Mungu dada yangu ashinde. Nilimwomba tu kosa langu lisimwangukie yeye, na kama ni lazima limwangukie, anipe namna ya kulibeba pamoja naye. Nashukuru kwamba katika maisha yangu nimefundishwa kungoja. Tulingoja muda mrefu.

Walipotuita, mwenye miwani alisoma kutoka kwenye karatasi. Mgombea hakutoa zawadi wala hakumtuma mtu kutoa, na alijishtaki mwenyewe siku ile ile. Jina lake litabaki. Hakuna mzee atakayeiacha kura yake. Chungu cha Gulfton kikae kilipo. Lakini katika kila mkutano uliosalia, kabla mgombea hajazungumza, litasomwa tangazo kwamba vyungu vile havikutoka kwake.

"Nani atasoma?" dada yangu akauliza.

"Aliyevitoa," akasema yule mwanamke.

Mikutano iliyosalia ilikuwa minne. Mara zote nne nilisimama mbele ya ukumbi wa Wacherokee nikiwa na miwani yangu na kitenge changu, nikasoma kwa Kiingereza cha Upare kwamba mimi si mtu wa kabila lao, nilitoa vyungu visivyo vyangu, na nilisema jambo lisilo kweli kuhusu mgombea. Mara ya kwanza nilisoma bila kuinua macho. Mara ya tatu watu walikuwa wamekwisha kusikia habari zangu na walikuja na kiti changu. Fort Worth, mama mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mimi pia nagombea. Dada yangu alisema hapana, kwa bahati nzuri ya wagombea wengine.

Kura zao zilipigwa kwa barua, na kuhesabiwa kulichukua muda. Matokeo yalikuja Jumapili moja, tumetoka ibadani, nipo jikoni kwa binti yangu nakaanga vitunguu. Simu ikalia.

"Dada," akasema, "nimepita. Kwa kura chache, lakini nimepita."

Nikazima jiko. Kigelegele kilikuwa kimeshafika kooni, nikakizuia kwa mkono.

"Kigelegele ni kitu chenye thamani?" nikamuuliza.

Alifikiri. Nilimsikia akifikiri.

"Uchaguzi umekwisha," akasema. "Toa."

Nilikitoa chote. Wajukuu wangu walishuka ngazi mbio, wakasimama mlangoni, wakaniuliza kwa Kiingereza chao kama nimeungua.